Sauti Zilizo Chini ya Uangalizi Wangu

Saumu Mbaruku, mpiga kinanda wa miaka arobaini na minne, mwenye jina lake kuanzia Tanga mpaka Mombasa, alikiitikia kinanda "Abee!"

Ilimtoka tu. Ilikuwa saa nne asubuhi, mabati ya studio yake ya Ngamiani yameshaanza kupata moto, na yeye na fundi wake Hemedi Shekivuli walikuwa wanamalizia wimbo wa harusi ya watu wa Chumbageni. Mbele yake palikuwa na vinanda viwili. Kimoja ni kile kikubwa cha vitufe themanini na vinane, ambacho wapigaji wa Tanga hukiita meza, kwa sababu kila kitu huandaliwa juu yake: ngoma, besi, kurekodi, kuchanganya, mpaka kuwafichia waimbaji aibu zao. Cha pili kilikuwa na vitufe ishirini na vitano tu, na kwa kuwa kinaenea kwenye mkoba wa kike, wenyewe walikipa jina la kibeti.

Kibeti hicho kilikuwa na sauti moja peke yake. Lakini sauti gani hiyo! Haikuwa zumari, haikuwa fidla, wala haikuwa mtu anayeimba, bali kitu fulani katikati ya hivyo vyote, kama mtu anayevumisha wimbo midomo imefungwa. Haikutoka vilevile mara mbili. Ilikuwa ikiingia kwenye ubeti wa pili wa wimbo wa bibi harusi, wakwe wanaanza kutafuta leso. Kampuni ya Mlio Hai ilimpa Saumu kibeti hicho kama zawadi miaka sita nyuma, alipoipatia sauti zake thelathini alizozitengeneza kwenye meza kwa mkono wake. Wapigaji wengine walikuwa na vibeti vyao, kila kimoja na sauti yake, na hakuna aliyeweza kuazima ya mwenzake. Juu ya boksi iliandikwa "sauti hai". Saumu aliyaona hayo ni maneno ya dukani, akalitupa boksi.

Kasoro yake ilikuwa moja. Ukiinua kidole, sauti haikukatika. Iliacha mkia wa sekunde nne au tano, ndani yake noti mbili, ya kwanza iko juu na ndefu, ya pili imeshuka. Saumu aliuona mkia huo ni uchafu. Tangu wiki ya kwanza alikiwekea kibeti kichujio cha kuukata, na kwa miaka sita hakuusikia tena. Siku hiyo alikizima kichujio, kwa kuwa mwitikiaji wake hakuja, naye akaamua kuingiza kiitikio mwenyewe kupitia tundu la kipaza sauti lililo ubavuni mwa kibeti. Alikuwa hajawahi kulifungua tundu lile, maana sauti yake mwenyewe huiona kama ya bata. Na vitu hivyo viwili, tundu na kichujio, havikubali kuwaka pamoja.

Akapiga mstari wa mwisho. Akainua mkono. Mkia ukatoka, juu na mrefu, kisha chini.

"Abee!" akasema Saumu.

Maana ndivyo mama yake alivyokuwa akimwita. Bi Hadia alikuwa mshonaji, na mshonaji muda wote ana pini midomoni. Hakuwahi kufungua mdomo kumwita mtoto. Alimwita kwa kuvumisha jina kupitia puani, "Sauu" juu na "mu" chini, na nyumba nzima ilielewa. Mtoto wa kike wa Kitanga akiitwa na mama yake haulizi nani wala kuna nini. Ulimi unaitikia kwanza, akili inafuata baadaye.

Hemedi aliinua uso kutoka kwenye nyaya zake. "Dada Saumu, unamwitikia nani?"

Mkia ulikuwa haujaisha, na ndani ya mkia ule kibeti, ambacho hakuna aliyekigusa, kikaguna.

"Mh."

Mguno wa puani, mfupi, wa mtu aliyeita muda mrefu na hatimaye kaitikiwa.

Kigoda kilianguka. Saumu hakujua alifikaje ukutani, ila mgongo wake ulikuwa umeganda kwenye ukuta. Hemedi, ambaye kwa kawaida haishiwi maneno hata mbele ya maiti, alikuwa ameshika bisibisi hewani.

"Umesikia?" Saumu aliuliza.

"Nimesikia."

"Bonyeza."

"Mimi? Bonyeza wewe, dada. Kimekuita wewe."

Alirudi, akabonyeza kitufe cha katikati, akakiachia. Sau-mu. "Abee," akasema kwa sauti ndogo. "Mh." Akarudia. Sau-mu. Abee. Mh. Mara ya tatu hakuweza kuitikia, kwa sababu alikuwa analia, na kibeti kikamwita mara mbili kwa haraka, kwa jinsi ileile Bi Hadia alivyokuwa akimwita akijua binti yake yupo na anajifanya hasikii.

*

Hemedi alikifungua kibeti kwa skrubu sita, akainua kifuniko, akatazama ndani kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Hakuna kitu humu," alisema.

"Hakuna kitu vipi?"

"Hakuna, dada. Mimi nilitegemea nikute ubongo wa kompyuta, kumbukumbu za sauti, mambo kama yale ya meza. Humu kuna betri, spika, tundu la kipaza sauti na antena. Basi. Hiki si kinanda." Alikuna kidevu. "Hiki ni kitufe cha kengele ya mlangoni. Wewe unabonyeza huku, kengele inalia kwa watu."

"Kwa watu gani?"

Hemedi aliunganisha kipimo chake kwenye antena, akamwambia abonyeze kitufe. Ramani ikafunguka kwenye kioo cha kipimo, mstari mwekundu ukatoka Ngamiani, ukapita mashamba ya mkonge, ukaishia Muheza. Hemedi alisoma jina la mahali hapo, akakigeuza kioo ili Saumu asome mwenyewe.

Makao ya Utulivu.

Bi Hadia alikuwa amelala Makao ya Utulivu kwa miaka sita, tangu kiharusi kilipomwangusha juu ya cherehani. Hasemi, hafumbui macho, hageuki. Kila Ijumaa Saumu alikwenda kumchana nywele, kumpaka mafuta miguuni na kumsimulia nani kaolewa na nani kaachika, halafu akarudi zake mjini. Ijumaa hagusi kinanda.

"Labda ni mashine ya kampuni tu ipo pale," Hemedi alisema. "Jengo moja linaweza kuwa na vitu vingi."

Saumu alikuwa ameshachukua ushungi wake. "Kifunge hicho. Washa pikipiki."

*

Daktari Eliamani Mshana, Mpare mpole aliyezoea kuvaa sweta hata Muheza, hakuficha chochote, na hilo ndilo lililomtisha Saumu kuliko lolote. Alikuwa amejiandaa kugombana na mtu anayekana.

"Mimi nilidhani unajua, mama," daktari alisema. "Kila Ijumaa ukija nilikuwa nakusifu moyoni. Nilisema, huyu binti anampigia mama yake wiki nzima, na bado anakuja kumchana nywele."

"Najua nini, daktari?"

Alimweleza akiwa amesimama mlangoni mwa chumba, kwa lugha ya kawaida, kama mtu anayeelekeza njia. Ndani ya kichwa cha Bi Hadia mlikuwa na nyuzi nyembamba kuliko nywele, zimelazwa pale ubongo unapoandaa sauti kabla ya kuituma kooni. Kitufe kikibonyezwa Ngamiani, nyuzi zinauomba ubongo noti ile. Ubongo unaiimba. Koo halitii, limekufa, lakini mashine inaiwahi sauti ile kabla haijapotea na kuituma kwenye spika. Kidole kikiinuka, ubongo unabaki wazi kwa sekunde nne au tano, halafu unafunga.

"Katika sekunde hizo anaweza kuimba lake mwenyewe," alisema Daktari Mshana. "Wengi hawaimbi kitu."

"Nani aliwapa ruhusa?" Sauti ya Saumu ilipanda hadi mhudumu mmoja akageuka kule mwisho wa ukumbi. "Nauliza, nani aliwaruhusu kumtia mama yangu nyuzi kichwani?"

Daktari alileta karatasi. Saini ilikuwa ya Saumu, na ile mbwembwe yake ya kuizungusha herufi ya mwisho. *Mimi, Saumu binti Mbaruku, nakabidhi kwa matumizi ya tiba na ya muziki sauti zote zilizo chini ya uangalizi wangu.*

Aliisoma mara tatu. Aliikumbuka vizuri. Alitia saini wiki ileile ya kiharusi, rundo la karatasi mkononi, za hospitali na za kampuni zimechanganyika, na hii aliisoma kikamilifu na hata kuifurahia. Mtu mwingine yeyote wa Tanga, muuza samaki, karani, dereva, angeuliza: sauti ya nani hiyo iliyo chini ya uangalizi wangu? Lakini kwa mpiga kinanda sauti ni kitu unachokitengeneza jioni na kukihifadhi kwenye namba. Sauti ya kumi na mbili, fidla. Sauti ya ishirini, filimbi. Alikuwa na thelathini za namna hiyo kwenye meza yake, na alidhani wanazungumzia hizo.

"Nilijua ni sauti za kinanda," alisema.

Daktari Mshana alimtazama bila kuelewa. Yeye si mpigaji. Kwake neno lile lilikuwa na maana moja.

Akamwonyesha kitu kingine ambacho Saumu angependa asikione. Kilikuwa chati ya mapigo ya moyo ya miaka sita, mstari wa kijani uliotulia siku sita na kuruka juu siku moja kila wiki, mpaka mia moja arobaini, saa nne au tano mfululizo.

"Hizi ni Jumamosi," daktari alisema. "Tumejiuliza sana, Jumamosi kuna nini."

"Harusi," Saumu alijibu. Harusi, nyimbo za mbio, bibi harusi anaingia, watu wanatunza pesa, mpigaji anamwaga vidole. Alikaa chini kwenye sakafu ya ukumbi, ushungi ukamdondoka begani, asijali nani anamwona. "Nilikuwa nampiga," alisema. "Hemedi, sikiliza. Miaka sita nampiga mama yangu."

Hemedi alichuchumaa kando yake, asijue pa kuweka mikono. "Ulikuwa unapiga kinanda, dada."

"Hakuna kinanda. Wewe mwenyewe umeniambia hakuna kitu mle ndani."

Baadaye, alipoweza kusimama, aliuliza maswali kwa mpangilio kama anayekagua vyombo kabla ya shughuli. Mama anasikia nini mtu akikaa kitandani kwake? Hasikii, masikio yake yalikufa siku ileile ya kiharusi. Sauti pekee inayomfikia ni ile inayopita kwenye tundu la kibeti, likiwa wazi. Kwa hiyo zile Ijumaa? Hakusikia hata moja. Na tundu lilifunguliwa lini kwa mara ya kwanza? Daktari aliangalia kumbukumbu. "Leo, saa nne asubuhi."

Saumu alifumba macho. Miaka sita mama yake alikuwa ameita gizani, naye akamwekea kichujio.

"Nikiacha kupiga?"

"Atazama. Wiki tatu, labda nne. Waliolala namna hii bila kuimbishwa hawamalizi mwaka. Yeye ana miaka sita, na ni kwa sababu yako."

"Nikiwarudishia kampuni kibeti chao?"

"Watampa mpigaji mwingine. Sauti imeshakabidhiwa."

"Anaumia?"

"Sijui, mama. Hakuna aliyewahi kumuuliza. Vibeti vipo vingi, lakini sijawahi kusikia kimoja kilichoitikiwa." Daktari alivua miwani, akaifuta kwa sweta. "Ila sheria ipo. Neno la mgonjwa mwenyewe linaishinda saini ya mwangalizi wake. Kama anaweza kujibu, muulize. Akisema basi, nazitoa nyuzi leo hii, na hakuna kampuni itakayomgusa. Nitaandika atakachosema. Nikae nisikilize?"

"Hapana," alisema Saumu. "Niache naye. Nitakuita."

*

Alikiweka kibeti juu ya blanketi, karibu na mbavu za mama yake, akafungua tundu. Dirisha lilikuwa wazi na mtu alikuwa anafyeka nyasi nje. Bi Hadia alilala vile vile kama kila Ijumaa, uso umenyooka, nywele zimesukwa mabutu na Saumu mwenyewe siku nne zilizopita. Kando ya kitanda kioo kidogo kilionyesha mapigo: sabini na mbili.

Alibonyeza kitufe cha katikati, akakiachia.

Sau-mu.

"Abee, mama. Nipo hapa. Nipo chumbani kwako, nimekushika mkono."

"Mh."

Uso haukusogea hata kope. Sauti ilitoka kwenye spika ya ukubwa wa kifuniko cha chupa, na ilikuwa mama yake mzima, na shari zake zote. Saumu alilia kwa muda, kisha akakumbuka kwamba kila sekunde ya kilio chake inasikika, akajikaza. Alibonyeza tena na safari hii akakishikilia kitufe, ili ubongo ubaki wazi.

"Nisamehe. Sikujua. Wallahi sikujua, mama."

Mvumo ulishuka, ukawa laini, ukamzunguka kama zamani alipokuwa na homa. Saumu alipata nguvu.

"Nataka kukuuliza mambo, unijibu kama ulivyokuwa ukijibu na pini mdomoni. Unaumia?"

"Mm-mm."

Hapana. Alishusha pumzi ndefu hata mabega yakalegea. Haumii. Katika dakika ile aliona maisha yote yanawezekana tena: kibeti nyumbani, juu ya kitambaa safi, yeye na mama yake wanaongea asubuhi mpaka jioni.

"Umechoka?"

"Mhm."

"Umechoka na zile nyimbo za Jumamosi, eh? Hizo zimekwisha. Leo zimekwisha."

"Mm-mm." Si nyimbo.

Swali lililobaki Saumu alilijua tangu ukumbini, na alikuwa amelizunguka muda wote. "Daktari anasema anaweza kuzitoa nyuzi. Zikitoka, mama, wewe utaondoka. Hutakaa hata mwezi. Nimwambie azitoe?"

"Mhm."

Hakusita. Ilitoka upesi kama anavyojibiwa mtoto anayeuliza kama chakula kimeiva.

"Labda hujanielewa. Nasema utakufa. Unataka azitoe?"

"Mhm." Ndefu zaidi, kwa uvumilivu.

"Mama, sikiliza, ndiyo kwanza nimekupata. Sitakupiga tena, nakuapia. Nitashika kitufe kimoja tu, polepole, uimbe unachotaka. Nitakuwa naongea na wewe kila siku. Miaka sita nimekusimulia habari zote na hukusikia hata moja, nitaanza upya, nitakwambia Mwanajuma wa jirani aliolewa na nani. Mwaka mmoja tu. Nipe mwaka mmoja, eh?"

Spika ikatoa msonyo. Msonyo mrefu, uliovutwa kuanzia mwanzo mpaka mwisho bila kuruka hatua, ule ambao Bi Hadia alikuwa akiwapigia wateja wanaoleta kitambaa kifupi na kutaka gauni refu. Saumu alicheka. Alicheka kwa sauti na machozi yanamwingia mdomoni, kwa sababu alikuwa ameupenda msonyo ule maisha yake yote na hakujua, na kwa sababu hapakuwa na mtu duniani ambaye angeusikia asielewe maana yake.

Mlango uligongwa, ukafunguka kidogo. Daktari Mshana alichungulia, kalamu mkononi, fomu juu ya ubao. Nyuma yake Hemedi alikuwa amesimama na kofia kifuani.

"Amejibu?" daktari aliuliza.

Kidole cha Saumu kilikuwa bado juu ya kitufe. Alimwangalia daktari, akaiangalia fomu. Ilikuwa na nafasi ya mstari mmoja tu, na mstari mmoja ulitosha. Alifungua mdomo ili aseme ndiyo. Aliukuta umeshasema kitu kingine.

"Bado."

"Hajajibu kabisa?"

"Bado, daktari. Anaita tu. Nadhani hanielewi."

Daktari Mshana alitikisa kichwa kwa huruma, akaandika neno moja. "Si kosa lako. Tutajaribu tena mwezi ujao. Kwa sasa endelea kumpigia, usimwache akazama." Mlango ukafungwa, na hatua zao zikapotea ukumbini.

Saumu hakuamini alichokisema, wala jinsi kilivyomtoka kirahisi. Wale wa kampuni walitumia karatasi isiyoeleweka. Yeye hakuwa na karatasi. Aliulizwa kwa Kiswahili chepesi na akajibu kwa Kiswahili chepesi. Aliinama juu ya kibeti ili amweleze mama yake, amwombe, ampe sababu. Ndipo alipoliona tundu ubavuni. Lilikuwa wazi. Lilikuwa wazi muda wote daktari alipokuwa mlangoni.

"Mama?"

Kidole chake kilikuwa kimebonyeza, lakini kibeti hakikutoa kitu. Alikiachia kitufe, akasubiri mkia. Haukuja. Akabonyeza kingine cha juu, kisha cha chini kabisa.

Kioo cha kando ya kitanda kilionyesha sabini na mbili, sabini na mbili, sabini na tatu. Bi Hadia alikuwa hai, na akili yake iko macho. Alikuwa amenuna.

Saumu aliilaza mikono yake yote miwili juu ya vitufe, akavikandamiza vyote ishirini na vitano kwa pamoja, kwa uzito wake wote, na hakuna hata kimoja kilicholia.